Kutii bila kinyongo: dini ya Taita na uzito wa amri

Mimbarini kuna simulizi lililozoeleka: mababu wa Wadawida na Wasagalla wa Taita, Kenya, walitii kwa hofu, kisha Injili ikaleta upendo na mzigo wa amri ukawa mwepesi. Simulizi hilo ni tamu, lakini haliipi haki dini ya milima inayoutazama mji wa Voi.

Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyefanya utafiti Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake, Casting Out Anger, mwaka 1978, aliona kwamba kiini cha dini hiyo kilikuwa kutasa. Mtu alijaza kinywa maji au pombe ya miwa, akaipuliza kwa matone huku akitamka kwamba hasira yake imemtoka na kuwaombea wengine heri. Hasira iliyofichwa moyoni, iwe ya Mlungu (Mungu), ya mizimu au ya jamaa aliye hai, iliaminika kuleta maradhi na maafa. Kwa hiyo haikutosha baba kusamehe kwa mdomo tu. Alipaswa kuitema hasira yenyewe.

Hofu ilikuwepo, bila shaka. Hata hivyo, dini inayoujali moyo namna hii haiwezi kuitwa dini ya utiifu wa nje tu. Ilikwisha kung'amua kinachofanya utiifu uwe mzito: si ukubwa wa amri, bali kinyongo cha anayeitimiza.

Hapo ndipo upendo kwa Mungu unapofanya kazi. Waraka wa Kwanza wa Yohana, katika sura ya tano, unafungamanisha kumpenda Mungu na kuzishika amri zake, na kudai kwamba amri hizo si nzito. Mwanazuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye aliutengea upendo kitabu kizima ndani ya mkusanyo wake, Ihya, na kwake utiifu ni tunda la upendo. Mwanafalsafa Kant alitia shaka: upendo ulioamriwa ni upendo gani? Swali ni zuri, ila linadhani upendo ni hisia inayokuja inapotaka. Wazee wa Taita hawakungoja hisia. Waliondoa kwanza kilichouzuia moyo.

J. A. Wray wa CMS, shirika la misheni la Kianglikana, alifika Sagalla mwaka 1883, na Wakatoliki wakafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Wamisionari waliwakataza waumini matambiko, na baadhi yao pombe pia. Amri mpya zikaongezeka, huku njia ya zamani ya kuusafisha moyo ikifungwa. Si ajabu kama kwa wengine Ukristo ulionekana orodha ya makatazo.

Kilichofanana zaidi na kutasa kilitoka mbali. Uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Kenya mwaka 1937, na waliookoka walijulikana kwa kuungama hadharani, kulipa madeni ya zamani na kurudisha mali ya wizi. Mahakama ingeweza kumlazimisha mtu arudishe mbuzi, lakini haingemfanya aimbe akiwa njiani. Waliookoka hawa waliimba. Hasara yao haikupungua hata senti moja. Zizi lilibaki na pengo lilelile. Kilichokwisha ni ule mvutano wa ndani wa mtu anayetoa huku akitamani kubaki nacho. (Baadhi yao baadaye waligeuka wakali wa kuhukumu wenzao, jambo linaloonyesha kwamba wepesi huo haudumu wenyewe.)

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa ya kinyongo ilikuwa tayari mikononi mwa Waanglikana. Kitabu chao cha Sala cha mwaka 1662 kinamwagiza kasisi asiwakaribishe mezani pa Bwana watu wenye chuki baina yao mpaka wapatane, na anayesamehe kwa moyo apokelewe hata kama mwenzake amekataa. Dayosisi ya Taita Taveta, iliyoundwa mwaka 1993, ni mrithi wa mapokeo hayo. Kasisi anayewasimamisha ndugu wawili wenye kesi ya shamba kabla ya Ushirika Mtakatifu anafanya kazi ambayo mzee wa kutasa angeitambua mara moja, na waumini hao wakishapatana, amri ya kumpenda jirani haitakuwa tena mzigo wa kusukumwa.