Mbwa, paka na sokwe wakati wa mlipuko: nani anawapokea, na kwa nini kuwahamisha si rahisi?

Ugonjwa wa mlipuko unapotangazwa mkoani Kigoma, matangazo yetu huzungumzia maji ya kunywa, vyoo, kunawa mikono na abiria wanaoshuka kwenye mwalo wa Kibirizi. Mnyama wa nyumbani hatajwi. Lakini mtu akilazwa wiki tatu, au akilazimika kuhama ghafla, mbwa wake anabaki uani na paka wake anabaki akizunguka jikoni kusikopikwa. Katika makala haya tunaeleza vituo vya kuokoa wanyama hufanya nini nyakati hizo, na nini kinawezekana huku kwetu.

Kituo ni mahali pa kupita

Wengi hudhani kituo cha kuokoa wanyama ni banda la kuwahifadhi. Kwa mbwa na paka, kituo ni njia ya kupita. Mnyama anapokelewa, anatengwa na wenzake, daktari wa mifugo anamchunguza, anachanjwa, mara nyingi anafungwa uzazi, kisha anatafutiwa nyumba mpya. Anayetaka kumchukua anahojiwa, na pengine nyumba yake inakaguliwa. Nafasi ya anayeingia leo inatokana na yule aliyetoka jana.

Mlipuko unaziba njia hiyo upande wa kutokea. Watu hawatembei, wafanyakazi wa kujitolea wanabaki makwao, dawa na chanjo zinachelewa. Ndivyo ilivyokuwa kwa vituo vingi duniani mwaka 2020 korona ilipoingia. Nchini Uingereza vituo vilifunga milango kwa wageni. Mazungumzo yakafanyika kwa video, na mnyama akapelekwa hadi mlangoni kwa aliyemwomba. Waombaji nao walikuwa wengi kuliko kawaida, kwa kuwa watu walikuwa wamekaa ndani na wanataka mwenzi. Hadi Machi 2021 ilikadiriwa kuwa kaya milioni 3.2 nchini humo zilikuwa zimepata mnyama tangu korona ianze. Watu waliporudi kazini, baadhi ya wanyama hao walirudishwa vituoni. Kumpata mpokeaji haraka si sawa na kumpatia mnyama makazi.

Njia iliyosaidia zaidi, kwa maoni yetu, haikuwa ya teknolojia. Vituo viliwatoa wanyama mabandani na kuwaweka kwa walezi wa muda, yaani familia zinazomtunza mnyama kwa wiki au miezi bila kuahidi kumchukua moja kwa moja. Vingine vilipeleka chakula kwa wenye wanyama walioishiwa, ili mnyama asiachwe kabisa. Hilo hata mtaa wa Gungu au Mwanga unaliweza.

Mbwa wawili wa mwaka 2014

Swali gumu zaidi ni mnyama wa mgonjwa mwenyewe. Je, anaambukiza? Oktoba 2014, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi, muuguzi mmoja jijini Madrid, Hispania, aliugua baada ya kumhudumia mgonjwa. Mbwa wake, Excalibur, aliuawa kwa amri ya serikali bila kupimwa kwanza, ingawa watu wengi walipinga. Muuguzi alipona, akarudi nyumbani kusiko na mbwa. Siku chache tu baadaye muuguzi mwingine aliugua Ebola huko Dallas, Marekani. Mbwa wake, Bentley, aliwekwa karantini siku 21, akapimwa, hakukutwa na virusi, na akarudishwa kwa mwenyewe mwanzoni mwa Novemba.

Ugonjwa ulikuwa mmoja na mwezi mmoja, lakini upande mmoja ulikuwa na mahali pa kumtenga mbwa na watu waliokubali kumlisha wakiwa na mavazi ya kinga. Sisi tunaoishi ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo, nchi iliyokwisha kupata Ebola mara nyingi, tuna sababu ya kuikumbuka tofauti hiyo.

Kila ugonjwa una hesabu yake. Kipindupindu huenezwa na maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Kumfukuza paka hakumlindi mtu yeyote. Kwa korona, mbwa na hasa paka waliweza kuambukizwa na wenye nyumba, lakini waliosambaza ugonjwa mitaani walikuwa watu. Mpox ni jambo jingine. Mwaka 2003 nchini Marekani watu kadhaa waliugua baada ya kushika panya-mbuga waliofugwa nyumbani, ambao walikuwa wamewekwa karibu na panya walioingizwa kutoka Ghana. Mgonjwa wa mpox anashauriwa kumwachia mtu mwingine kazi ya kumhudumia mnyama hadi apone.

Huku Kigoma na Ujiji

Vituo vinavyojulikana vya mbwa na paka nchini viko Dar es Salaam, Arusha na Zanzibar. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilometa 1,200, na kusafirisha mnyama kunahitaji kibali cha mifugo. Wakati wa mlipuko safari hiyo haifikiriki. Kwa hiyo kazi inawaangukia afisa mifugo wa halmashauri na jirani.

Tusisahau pia hali zinazozidi uwezo wa mtu. Mei 2015, maelfu kwa maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijazana Kagunga, kipindupindu kikazuka, na MV Liemba ikawa inawaleta Kigoma mjini. Hatuwezi kumlaumu yeyote ambaye pale hakumfikiria mbwa.

Katika siku za kawaida zaidi, hatari kubwa ya kumhamisha mbwa huku si korona wala Ebola. Ni kichaa cha mbwa. Dalili zake zinaweza kuchukua wiki au miezi kujitokeza, na zikishatokea kwa binadamu karibu hakuna anayepona. Mbwa asiye na kadi ya chanjo hapaswi kupelekwa moja kwa moja kwenye nyumba yenye watoto. Achanjwe kwanza, akae peke yake akiangaliwa, na mtu mmoja tu amlishe. Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Mbwa asiuawe haraka: akifungwa salama na kuangaliwa siku 10, daktari atajua kama alikuwa na kichaa alipouma.

Wapo Ujiji wanaosita kumpokea mbwa kwa sababu ya tohara ya nyumba na nguo za sala. Hilo linaeleweka, na halizuii msaada. Mbwa anaweza kubaki kwenye uwanja wa mwenyewe, majirani wakapokezana kumpelekea maji na mabaki ya ugali na dagaa. Kumwacha alipo na kumpelekea huduma ni salama kuliko kumzungusha nyumba tatu, ugonjwa wowote uwe.

Sokwe hana nyumba mpya mtaani

Kuna mnyama mmoja ambaye kwake njia hiyo haifai kabisa. Watoto wa sokwe wamewahi kukamatwa misituni pande zote za ziwa hili na kuuzwa kama wanyama wa kufuga. Sheria haimruhusu mtu kumfuga sokwe nyumbani, na ugonjwa unaongeza sababu: karibu kila kikohozi chetu kinaweza kumpata. Gombe walilijua hilo mwaka 1966, polio ilipowapiga watu wa mkoa huu kisha sokwe. Baadhi ya sokwe walikufa, wengine wakapooza viungo, na Jane Goodall na wenzake wakawapa chanjo ndani ya ndizi. Ndiyo maana leo mgeni mwenye mafua hatakiwi kuwakaribia.

Sokwe yatima hachukuliwi na familia. Kituo ndicho makazi yake ya mwisho, naye anaweza kuishi zaidi ya miaka 40. Kituo cha Bujumbura, juu ya ziwa hilihili, kililazimika kuwahamisha wa kwake vita vilipozuka Burundi mwaka 1993. Walipelekwa Sweetwaters, Ol Pejeta, nchini Kenya, nchi isiyo na sokwe wa porini, kwa hiyo hakuna msitu wa kuwarudisha. Korona ilipofika, vituo vya aina hii havikuweza kupunguza idadi. Ngamba, kisiwa cha Ziwa Victoria nchini Uganda chenye sokwe wapatao 50, kilifungwa kwa watalii Machi 2020. Fedha za viingilio zikakatika, huku msitu wa kisiwa ukiwa mdogo mno kuwalisha. Chakula kilitakiwa kuendelea kuvuka kwa boti kutoka bara.

Ukiona mtoto wa sokwe anauzwa au kufichwa, usimnunue kwa huruma wala usimshike. Toa taarifa kwa maofisa wa wanyamapori au ofisi ya hifadhi ya Gombe, na watu wanaokohoa wakae mbali naye hadi wafike.