Habari za Lori la Ford TT na Madereva Wake

Siku hizi mtu asimamaye kando ya barabara kuu huona malori yakipita na mizigo ya tani 30, wala hashangai. Lakini liko lori moja la zamani ambalo madereva wake walilisimulia hata uzeeni mwao, wala hawakulisimulia kwa sababu ya nguvu zake, maana nguvu hazikuwapo. Lori hilo ni Ford TT la Marekani, lililotengenezwa tangu mwaka 1917 hata mwaka 1927. Tumeona vema kuwaandikia wasomaji habari zake, kwa kuwa ni moja katika malori ya kwanza ambayo mkulima wa kawaida aliweza kuyanunua, na kwa kuwa lilimpasa dereva kutumia akili pale ambapo injini ilishindwa.

Asili yake ni hii. Mwaka 1908 Henry Ford, katika mji wa Detroit, alianza kuuza motokaa iliyoitwa Model T. Bei yake hapo kwanza ilikuwa dola 850. Mwaka 1913 akaanza kuziunda motokaa zake kwa njia mpya, yaani motokaa ilikuwa ikivutwa polepole mbele ya mafundi, na kila fundi akitia kitu chake kimoja tu, hata kazi ya kuunda kiunzi, ambayo kwanza ilichukua muda wa saa 12 na nusu, ikawa kazi ya saa moja na nusu hivi. Kwa hiyo bei ilishuka mwaka hata mwaka. Watu waliipenda, nao wakaipa jina la mzaha, Lizzie wa Bati.

Wakulima walipoipata motokaa hiyo hawakuitumia kwa matembezi tu. Walikata sehemu ya nyuma, wakapigilia mbao, wakapakia viazi na ndama na makopo ya maziwa. Motokaa iliyofanywa kwa watu wachache ikabebeshwa mzigo wa punda wengi, springi zikavunjika na ekseli zikapinda. Basi mwaka 1917 Ford akatoa TT, akasema hili litabeba tani moja. Kiunzi chake kilikuwa kirefu zaidi: kutoka gurudumu la mbele hata la nyuma ilikuwa inchi 124, nayo ya motokaa ilikuwa inchi 100. Springi za nyuma na ekseli vilikuwa vinene. Lakini injini ilikuwa ile ile ya Lizzie, yenye nguvu za farasi 20 tu.

Mtu atauliza, kwa nini hakutia injini kubwa? Sisi twaona jibu limo katika bei. Kwa kuwa injini ilikuwa ile ile, vipuri vilikuwa vile vile, na mhunzi wa kijijini aliyekwisha kuzoea motokaa ya jirani aliweza kulitengeneza lori pia. Hapo mwanzo liliuzwa dola 600, tena kwa fedha hiyo mtu alipewa kiunzi, injini na magurudumu basi. Kibanda cha dereva hakikuwapo, wala sanduku la mizigo. Mnunuzi alikwenda kwa seremala wake, au alishika nyundo mwenyewe, na kwa sababu hiyo ilikuwa shida kukuta malori mawili yaliyofanana. Wengi waliendesha wakiwa wamekalia sanduku la mbao, mvua ikiwanyeshea.

Sasa injini dhaifu ilibebaje tani moja? Kila mtu aliyepanda baiskeli penye mlima ataelewa. Katika motokaa ya Model T, injini ilizunguka mara 3 na zaidi ya nusu ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika TT walitia nyuma gia ya namna ya parafujo, hata injini ikazunguka mara 7 na robo kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Hiyo ni gia ya juu. Dereva akitia gia ya chini, injini ilizunguka karibu mara 20. Nguvu za kuvuta ziliongezeka, lakini mwendo ulipotea. Mahali pa tambarare lori lilikwenda maili 15 kwa saa, au zaidi kidogo, na penye mlima mtoto wa shule aliweza kulipita kwa miguu.

Na gia zenyewe hazikuwa kama hizi tuzijuazo. Hapakuwa na kijiti cha kusukuma huku na huku. Palikuwa na vikanyagio vitatu sakafuni. Cha kushoto, dereva akikikanyaga mpaka chini, lori liliingia gia ya chini. Akikiachilia kabisa, liliingia gia ya juu. Akikishika katikati, injini ilizunguka bure. Cha kati kilirudisha lori nyuma. Cha kulia kilikuwa breki. Petroli haikutolewa kwa mguu bali kwa kijiti kidogo chini ya usukani, upande wa mkono wa kulia.

Wasomaji watazame neno hili, maana ndilo lililowatesa madereva zaidi. Gia ya chini ilidumu kwa muda ule tu ambao mguu wa kushoto ulikandamiza. Mlima wa maili mbili ulipandwa kwa mguu mmoja uliokaza bila kupumzika, na mzigo wa tani moja nyuma. Mguu ulitetemeka, paja liliuma. Dereva akilegeza kidogo, lori liliingia katika ile hali ya katikati na kupoteza mwendo, na huenda likaanza kurudi nyuma. Huku mbele maji ya rejeta yalichemka, kwa sababu hapakuwa na pampu ya kuyasukuma. Yalizunguka kwa joto lake yenyewe tu.

Tena kulikuwa na shida ya petroli. Tangi lilikuwa chini ya kiti cha dereva, hata akitaka kutia petroli alishuka na kuondoa kiti, na akitaka kujua imebaki kiasi gani alichovya kijiti. Hapakuwa na pampu ya kupeleka petroli kwenye kabureta. Ilishuka yenyewe kama maji ya mfereji. Lori likiinua pua penye mwinuko mkali, na tangi likiwa limepungua, petroli haikufika mbele. Injini ilikohoa, ikazima. Basi madereva waligundua dawa: waligeuza lori chini ya mlima wakaupanda kinyumenyume. Hapo tangi lilikuwa juu na injini chini, na petroli ilishuka sawasawa. Tena gia ya kurudi nyuma ilikuwa na nguvu kuliko gia ya chini, maana injini ilizunguka mara 29 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Mgeni aliyeliona lori likipanda mlima kwa mgongo, dereva amepinda shingo akiangalia nyuma, labda alidhani ameona mwenda wazimu. Kumbe alikuwa amemwona fundi.

Lakini mlima uliopandwa lazima ushukwe, na hapo kicheko kilikwisha. Breki ya mguu haikushika magurudumu. Ilikuwa ukanda wa kitambaa uliokaza kitu ndani ya sanduku la gia, na nguvu yake ilipita katika mtaimbo mrefu na ile gia ya parafujo ndipo ifike nyuma. Ukanda ukishika mfululizo uliungua. Kwa hiyo madereva wazoefu walishuka wakibadilisha miguu: sasa breki, sasa gia ya chini, sasa gia ya kurudi nyuma kwa kugusa tu, ili kanda zote tatu zigawane joto. Mtaimbo au ekseli ikivunjika, breki ya mguu haikuwa na kazi tena, na breki ya mkono ilikuwa ya kusimamishia lori tu, haikutosha kuuzuia mzigo kwenye mteremko.

Tena wako walionunua sanduku la gia la ziada kutoka kwa watengenezaji wengine, wakalitia katikati ya mtaimbo ili wapate gia nyingi zaidi. Lilisaidia sana kupanda. Lakini sanduku hilo likikwama pasipo gia yo yote wakati wa kushuka, kamba ile kati ya breki na magurudumu ilikuwa kama imekatwa, hata dereva akakanyaga breki asipate kitu. Watu waliumia, na wengine walikufa. Sisi hatuwezi kusema kwamba udhaifu ule ulikuwa mzaha tu. Mtu maskini alinunua nguvu kidogo kwa sababu alikuwa na fedha kidogo, na upungufu aliulipa kwa mwili wake.

Hata kuliwasha lilikuwa jambo la hatari. Dereva alizungusha hendeli mbele kwa mkono. Kabla ya hapo ilimpasa kuinua kijiti cha kushoto chini ya usukani, ili cheche zichelewe. Akisahau, injini ilipiga kinyume na hendeli ikaruka na kuuvunja mkono. Wazee waliwafundisha vijana wasizungushe kidole gumba kwenye hendeli, bali wakilaze pamoja na vidole vingine. Asubuhi za baridi oili iliganda, hata sanduku la gia lilishikana na lori likajaribu kumsukuma aliyeliwasha. Wengine walipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki kwanza, na wengine walimimina maji ya moto katika rejeta.

Na taa! Umeme wake ulitoka kwenye sumaku zilizofungwa katika gurudumu la injini, na injini ikipungua mwendo, taa nazo zilififia. Dereva aliyefika penye shimo usiku, mahali pa kupunguza mwendo apate kuona, ndipo aliposhikwa na giza. Basi alikanyaga gia ya chini na kuipigisha injini kelele, ili apate mwanga.

Habari hizi haziko mbali nasi kama mtu anavyoweza kudhani. Wakati wa vita vya 1914 hata 1918, Waingereza walileta Afrika Mashariki magari madogo ya Ford yenye injini hiyo hiyo, kwa sababu malori mazito yalizama katika matope. Baadhi ya madereva wake walikuwa Waafrika waliotoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa mbung'o, na mahali magari yasipopita mizigo ilibebwa na vichwa vya watu. Wapagazi zaidi ya 90,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Jina la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, ni ukumbusho wa jeshi lao. Tani moja ya Kimarekani ni ratili 2,000, yaani mizigo ya watu 40 kama kila mtu akibeba ratili 50. Tukilipima lori dhaifu kwa kipimo hicho hatulicheki sana.

Tena huko kwao barabara zilikuwa mbovu kwa kila gari. Mwaka 1919 jeshi la Marekani lilituma msafara wa malori toka Washington hata San Francisco, safari ya maili 3,250 hivi. Walikwenda siku 62, na kwa wastani mwendo wao ulikuwa maili 6 kwa saa. Mmoja katika maofisa wa safari hiyo alikuwa kijana Dwight Eisenhower, aliyekuwa rais wa nchi ile baadaye. Kama jeshi lilikwenda hivyo, mkulima mwenye farasi 20 chini ya boneti hakuwa na haja ya kuona haya.

Mwaka 1927 Ford aliacha kutengeneza Model T na TT, baada ya kuunda motokaa milioni 15 za aina ile. Lori lililofuata liliitwa AA, nalo lilikuwa na nguvu za farasi 40, na kijiti cha gia, na breki katika magurudumu yote manne. Madereva walilifurahia. Lakini katika lori jipya kikanyagio cha kushoto kilikuwa klachi. Dereva wa zamani alipofika mlimani na kusikia injini ikilemewa, mguu wake wa kushoto ulishuka wenyewe mpaka sakafuni, kama ulivyozoea miaka kumi, kutafuta gia ya chini. Na lori, likiwa limeachiliwa huru, lilianza kurudi nyuma.