Uumemeshaji wa Nyumba

Istilahi ambayo mafundi wa Ulaya na Marekani huitumia kwa habari ya kuingiza umeme ina maana mbili zilizochanganyika: ya kwanza ni kuzifikisha nyaya penye kijiji kisichokuwa nazo, na ya pili, iliyo changa zaidi, ni kuiondolea nyumba yenye nyaya kila chombo kinachochoma mafuta, mkaa au gesi, hata kupika, kuchemsha maji ya kuoga na kuota moto wakati wa baridi vyote vifanywe kwa umeme peke yake. Maana ya kwanza tunayo tangu zamani. Tunasema usambazaji wa umeme, na hakuna asiyeelewa. Ya pili haina jina lililokubalika, na waandishi wanaolazimika kuitaja aghalabu hukimbilia kusema "kuachana na gesi".

Tafsiri hiyo yafaa Uholanzi, ambako tangu Julai 2018 nyumba mpya kwa kawaida haziunganishwi tena na mabomba ya gesi, maadamu huko gesi ya Groningen, iliyochimbwa mpaka ardhi ikatetemeka na kuta za watu zikapasuka, ndiyo iliyokuwa moto wa karibu kila jiko. Lakini hebu ipelekwe Tchomia, bandari ya wavuvi katika ufuko wa Ziwa Albert, mashariki ya Bunia katika mkoa wa Ituri, Kongo, ambako chakula hupikwa kwa kuni na kwa makala, kama Wakongo wauitavyo mkaa, katika mbabula, na mtungi wa gesi ni mali ya wachache. Mama wa huko ataachanaje na kitu asichopata kukimiliki? Hata Tanzania, ambayo mkakati wake wa mwaka 2024 unakusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, huihesabu gesi ya mtungi miongoni mwa nishati hizo. Yaani pale Mholanzi anapotoka ndipo Mtanzania anapokwenda.

Kwa hiyo istilahi iliyo sahihi sharti itaje mwisho wa safari, isitaje mwanzo wake, kwa kuwa mwisho ni mmoja na mianzo ni mingi. Lugha yetu haina uchache wa nyenzo: kutokana na taifa tumepata taifisha na utaifishaji, na kutokana na bora tumepata boresha na uboreshaji; basi kutokana na umeme, kwa kufuata irabu yake, tutapata umemesha, na kazi yenyewe itakuwa uumemeshaji. Najua kwamba Mkenya husema stima, na kwamba wengi wa Bunia husema courant kama Wafaransa; lakini umeme hueleweka kwa wote hao, ilhali hayo mengine hayavuki mipaka yake.

Fauka ya hayo, neno hili hutuwekea kipimo: si kila nyumba yenye taa imefika mwisho wa safari. Bunia hupata umeme wa maji kutoka Budana, mtambo uliozaliwa kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Na katika vijiji vingi vya Ituri, palipo na taa, taa hiyo ni ya kibao cha jua kilicho juu ya bati. Kibao cha wati 50 huwasha taa na kujaza simu, na hiyo ni neema isiyodharauliwa, bali jiko la umeme la sahani moja huomba wati 1,000 au zaidi, na kibao hicho hakiwezi kuchemsha hata sufuria ya maharagwe. Nyumba ya namna hiyo imepata umeme, naam, ila haijaumemeshwa. Na serikali yoyote itakayohesabu taa na kutangaza kwamba imemaliza kazi, itakuwa imehesabu maana ya kwanza kwa jina la ya pili.

Mpaka mmoja nauona ni wa lazima katika fasili. Samaki wa Tchomia wanaokaushwa kwa moshi hawakaushwi hivyo kwa sababu ya ufukara wa nishati tu. Moshi wenyewe huzuia kuoza na hutia ladha ambayo mnunuzi huilipia, na joto la waya halina moshi wa kutoa. Afadhali basi fasili iseme "matumizi ya nyumbani", wala isiseme "shughuli zote za moto", ili tanuri la mkausha samaki lisihesabiwe kuwa jiko lililochelewa.