Kuku Akikoroma, Usikimbilie Kapsuli

Leo tuzungumzie kuku anayekoroma, macho yamevimba, kamasi zinamtoka.

Zamani wafugaji waliita hali hiyo mafua tu. Kumbe ni magonjwa mengi yenye sura moja. Mwaka 1880, Louis Pasteur wa Ufaransa alieleza jinsi alivyokuza bakteria wa kipindupindu cha kuku ndani ya mchuzi wa kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, De Blieck wa Uholanzi akampata bakteria wa mafua ya kuku. Hapa Kenya, mwaka 1935, kideri kiliripotiwa pwani. Kuku wa kideri pia hukoroma, lakini kideri huletwa na virusi, si bakteria.

Mama, historia hii inakuhusu. Dawa ya bakteria haiui virusi. Ukimpa kuku kapsuli za mtoto, kideri kitaendelea kuua banda zima, mtoto atakosa dozi yake, na bakteria watazoea dawa.

Basi fanya hivi: mtenge kuku mgonjwa, asilale anapolala mtoto. Mwite afisa wa mifugo, kwani maabara ndiyo huthibitisha ni kijidudu gani. Kuku wazima wachanjwe kideri mapema. Na ukishika kuku, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto.

Mwambie na jirani.