Doa la Meno na Maji ya Mlima Meru

Fungueni karatasi zenu, msome pamoja nami. Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya doa la meno.

Hapa Nduruma, na katika vijiji vingi vinavyouzunguka Mlima Meru, mmekwisha kuona watu wenye meno ya rangi ya kahawia. Pengine na wewe ni mmoja wao. Wako waliochekwa, wakaambiwa ni wavivu wa kupiga mswaki. Wako waliosugua meno kwa mchanga au majivu, na doa lisitoke. Doa hilo si uchafu, na mwenye nalo hana kosa.

Kwanza tujifunze jinsi mwili unavyojifunika. Nje una ngozi. Ndani, kinywa, koo na utumbo vina utando laini. Mifuniko hiyo imefanywa kwa chembe hai ndogo sana, zimebanana kama matofali ya ukuta. Wataalamu huiita epithelia. Huzuia vijidudu, hulinda maji ya mwili, na ile ya utumbo hupitisha chakula kiingie katika damu. Mifuniko hii hujijenga upya. Ngozi ya juu hubadilika kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na utando wa utumbo kwa siku chache tu. Ndiyo maana ukikwaruzwa na mwiba shambani, ngozi hurudi.

Jino ni tofauti. Tangu mtoto yumo tumboni mwa mama, sehemu ya utando wa kinywa huzama ndani ya ufizi. Huko chembe zake hutengeneza gamba jeupe, gumu, liitwalo enameli. Kazi hiyo huendelea mpaka mtoto afike miaka minane hivi. Jino likisha kutokeza, chembe zile hazipo tena. Basi enameli ikiharibika, mwili hauwezi kuijenga upya.

Mwaka 1901 daktari wa meno, Frederick McKay, alifika mji wa Colorado Springs, Marekani. Akakuta wenyeji wana doa kama la kwetu. Akaona pia kwamba waliohamia pale wakiwa watu wazima hawakupata doa. Katika mji wa Oakley, jimbo la Idaho, doa lilianza baada ya watu kuvuta maji ya bomba kutoka chemchemi moja. McKay akawashauri waiache. Wakaiacha, na watoto waliofuata wakaota meno yasiyo na doa. Lakini kilichokuwamo katika maji hakukijua, mpaka mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipogundua kwamba ni floraidi.

Floraidi kidogo huimarisha jino. Ikizidi, huwavuruga wale mafundi wa enameli. Gamba hutoka lina vitundu vidogo sana, kisha hushika rangi. Ikizidi mno kwa miaka mingi, hata mifupa huumia, na miguu ya watoto huweza kupinda.

Meru ni mlima wa volkano. Mvua ikizama katika mawe na majivu yake, huyeyusha floraidi na kuileta katika chemchemi, visima na mito. Lakini maji hayafanani, hata ya chemchemi zilizo jirani. Wala huwezi kuyatambua kwa macho au ulimi, kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu. Sharti yapimwe.

Mwaka 1974 Tanzania iliruhusu maji ya vijijini yawe na floraidi mpaka miligramu 8 kwa lita, kwa kuwa maji mengine yalikuwa shida kupatikana. Mwaka 1984 Shirika la Afya Duniani lilitaja miligramu 1.5, na mwaka 2018 nchi yetu ikashika kipimo hicho. Katika kituo cha Ngurdoto wataalamu wamefundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floraidi.

Basi tufanye nini nyumbani? Kuchemsha maji huua vijidudu, wala msiache kuchemsha. Lakini floraidi haitoki. Maji hupungua, nayo hubaki sufuriani. Magadi ya kupikia makande mara nyingi yana floraidi nyingi, kwa hiyo msiyatie katika chakula cha watoto. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana. Maji ya mvua, au ya chemchemi iliyopimwa ikaonekana salama, wapeni kwanza watoto wadogo. Sisi watu wazima meno yetu yamekwisha kufanywa. Ya mtoto wa miaka miwili bado yamo ufizini, yanatengenezwa leo.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini ngozi hurudi, na enameli hairudi?
2. Kwa nini mhamiaji mtu mzima hapati doa?
3. Maji mnayokunywa yamepimwa? Nani kati yenu atakwenda kuuliza ofisi ya maji?

Kwa herini.