Tarehe ya Fosse Dionne, Dobi la Mawe la Tonnerre

Maji ndiyo yaliyotangulia. Mjini Tonnerre, katika Bourgogne ya Ufaransa, yanabubujika chini ya mwamba, rangi yake kati ya kijani na buluu, na wenyeji wanapaita Fosse Dionne. Jina hilo husemwa limetokana na Divona, mungu wa kike wa chemchemi wa Wagalli. Wakristo nao wakaja na hadithi yao: humo aliishi joka, hata mtakatifu Jean wa Réôme akamwua.

Mwaka 1758 Louis d'Éon, mwanasheria na meya wa mji, akaizungushia chemchemi birika la mawe la duara, upana wake mita 14 hivi, na paa la vigae la nusu mwezi kuwakinga wafuaji na mvua. Dunia haimjui. Inamjua mwanawe, Chevalier d'Éon, jasusi wa mfalme Louis XV, aliyeishi miaka yake 33 ya mwisho kama mwanamke. Mimi namtukuza baba. Serikali ya Paris ilikuja kutenga faranga 600,000 za kuhimiza ujenzi wa mabafu na madobi ya umma mwaka 1851, yaani miaka 93 baadaye.

Twasema kufua nguo kama tusemavyo kufua chuma, na mashine zimetusahaulisha kwa nini. Hapo birikani mtu asingeuliza. Mashuka yalilimbikwa kwa miezi, kisha yakapangwa ndani ya pipa, juu kitambaa chenye majivu. Si majivu yoyote: ya mwaloni huacha doa. Maji ya moto yakamiminwa juu, yakachujika chini, yakapashwa tena, yakamiminwa tena, kutwa nzima. Ndipo nguo zikaletwa chemchemini. Mwanamke alipiga magoti ndani ya kisanduku kilichojazwa nyasi kavu, akazitwanga kwa kibao, akazisuuza, akazitwanga tena. Wakati wa baridi maji yaliuma vidole, na umbea uliendelea.

Mabomba na mashine zikawarudisha wanawake majumbani. Wakaja wapiga mbizi. Mwaka 1974 wawili walifia humo, na mwaka 1996 mwingine. Miaka ya karibuni mmoja alipenya mita 370 ndani ya pango, kina cha zaidi ya mita 70, akageuka. Mbele yake pango lilikuwa bado linaendelea.