Nguru: Samaki wa Kitoweo na wa Uvuvi wa Michezo

Nguru ni samaki mkubwa wa baharini ambaye jina lake la kisayansi ni Scomberomorus commerson. Yumo katika jamii moja na jodari na vibua. Hupatikana katika maji ya pwani kuanzia Bahari ya Shamu, Afrika Mashariki na Afrika Kusini hadi Australia na Japani, na kupitia Mfereji wa Suez ameingia pia katika Bahari ya Mediterania.

Umbo lake ni refu na jembamba. Ubavu wake una rangi ya fedha na milia mingi ya wima. Huweza kufikia urefu wa sentimita 240 na uzito wa kilo 70, ingawa wengi wanaovuliwa ni wadogo zaidi. Huwinda karibu na miamba, akifuata makundi ya dagaa na ngisi.

Wavuvi wa pwani ya Tanzania na Kenya humvua kwa jarife, kwa mshipi na kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Wavuvi wa michezo nao hutumia njia hiyo ya kurambaza, na humsifu kwa mbio zake anaponasa. Kwa kuwa meno yake hukata uzi, ndoana hufungwa kwenye kipande cha waya.

Nyama yake ni nene na ina miiba michache. Hukaangwa, huchomwa au hupikwa kwa nazi. Ikitiwa chumvi na kuanikwa huwa ng'onda. Hata hivyo, nguru hana budi kutiwa barafu mara anapovuliwa. Akiachwa juani hujengeka histamini, sumu isiyoondolewa na moto wa jikoni.

Nguru hukua upesi, lakini jike huanza kutaga mayai akiwa na urefu wa takriban sentimita 80. Anayevuliwa kabla ya hapo huondoka bila kuacha kizazi. Aidha, majike huwa wakubwa kuliko madume. Hivyo, samaki mkubwa anayetafutwa zaidi ndiye mara nyingi mwenye mayai mengi. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) limemweka katika kundi la viumbe wanaokaribia kuwa hatarini. Nchini Oman, uvuvi wake husimamishwa kila mwaka kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba. Kumwachia nguru mchanga leo ndiko kunakompa mvuvi samaki wa kesho.